Chui Alipolala Juu ya Chai

Watu wa kiwandani walisema Kebaso ana pua ya mbwa, naye hakukasirika, maana pua hiyo ndiyo iliyomtoa kwenye jembe ikampandisha ghorofani.

Kiwanda kilijengwa kwa mbao na mabati kwenye mteremko wa kilima cha Korosiot, mwendo wa nusu siku kutoka Kapsoit. Ukikitazama kutoka barabarani kilikuwa kirefu, nyumba moja imebebwa mgongoni na nyingine. Lakini upande wa nyuma ghorofa yake ilikuwa sawa na ardhi ya kilimani, na daraja fupi la mbao lilitoka mlangoni likaungana na njia ya kwenda shambani. Kwenye daraja hilo ndipo majani mabichi yalipoingizwa. Hatua mia mbili kupita hapo, msitu ulikuwa umesimama kama watu waliokuja kutazama jambo na hawajaamua kuondoka.

Kazi ya Kebaso ilikuwa kunyausha majani. Humo ghorofani mlikuwa na vichaga vya magunia, kimoja juu ya kingine, kuanzia magotini mpaka kimo cha kichwa, na majani yalitandazwa juu yake yakalala humo usiku kucha na nusu ya siku ya pili. Chini palikuwa na tanuru, na feni kubwa ilisukuma hewa ya moto ikapanda juu taratibu. Majani yakilegea kidogo tu, mashine ya kuyasokota huyavunja. Yakilegea mno, unakunywa nyasi. Kuijua saa yenyewe ndiyo ilikuwa kazi, na saa hiyo haikuandikwa popote. Kebaso aliokota majani, akayafinya kiganjani, halafu akanusa. Harufu ya kwanza ilikuwa ya nyasi zilizofyekwa. Baadaye ilipoa, ikawa tamu, kama mapera yaliyosahauliwa kikapuni, na utamu ule ulipofika mahali fulani nyuma ya pua yake alisema, "Teremsheni," na watu wakateremsha.

Harufu hiyo ililevya. Vibarua wapya walisinzia wakiwa wamesimama, mikono imezama majanini. Kebaso mwenyewe, baada ya miaka minne humo ndani, alishuka jioni akiwa hana hakika kama mambo aliyoyawaza mchana yalimtokea kweli au aliyaota. Alikuwa mtu wa maneno machache, na ghorofa ile iliyapunguza zaidi.

Alikuwa amekuja mwaka wa 1927 kutoka milima ya Kisii, kwa miguu, akipitia Sotik pamoja na vijana wengine saba. Wakati huo hapakuwa na kiwanda. Walipewa mashoka. Kilima chote cha Korosiot kilikuwa miti, mingine minene kiasi kwamba watu sita waliizunguka wakashikana mikono kwa shida. Waliangusha kwa miezi kumi. Jambo alilolikumbuka Kebaso katika kazi ile ni mbega, wale nyani weusi wenye mikia myeupe. Siku ya tatu baada ya mti mkubwa wa juu kuanguka, kundi la mbega lilirudi likitokea msituni, likaja mbio kwa matawi, likafika mahali palipokuwa na mti, likasimama. Wakakaa hapo kwenye tawi la mwisho asubuhi nzima, wakitazama hewa tupu. Wenzake walicheka. Yeye alicheka pia, lakini siku ile hakumaliza chakula chake.

Mke wake, Bilhah, alimfuata miaka mitatu baadaye, na binti yao Nyatichi akazaliwa hapo kambini. Rafiki yake mmoja alikuwa Joab Okoth, fundi wa injini, mtu wa kutoka kando ya ziwa, ambaye alizungumza kwa ajili ya wote wawili. Joab hakujua Kikisii na Kebaso hakujua Kijaluo, kwa hiyo waliongea Kiswahili, kila mmoja akikikunja kwa namna ya kwao, na walielewana vizuri kabisa. Jumamosi walikwenda pamoja kusali katika kibanda cha nyasi upande wa pili wa kijito, na Joab aliimba kwa sauti ambayo watu walisema ingeweza kuendesha feni.

Alasiri ya chui ilikuwa mwezi wa nne, mwaka wa 1934.

Mkanda wa feni ulikatika baada ya chakula cha mchana. Injini ikazimwa, na kimya kikaingia kiwandani kama maji. Wenzake wawili wa ghorofani waliitwa kwenda kusukuma mkokoteni wa ng'ombe uliokwama matopeni njiani. Joab alikuwa chini, ameketi sakafuni na mkanda mapajani, akiushona kwa sindano ndefu na uzi wa ngozi.

"Kebaso!" aliita kupitia tundu la ngazi. "Hayo majani yako yataningoja?"

"Yatakungoja," Kebaso akajibu. "Hewa bado ina moto."

"Basi yaambie nakuja."

Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya msitu tangu asubuhi. Sasa yalishuka. Ghorofani mkawa giza la kijani, kwa sababu mwanga ulioingia mlangoni ulipita juu ya majani kwanza. Upepo ukatulia. Halafu jiwe moja likapiga bati. Likafuata jingine, na jingine, na mara mvua ya mawe ikaanguka yote kwa pamoja.

Aliyewahi kukaa chini ya bati katika mvua ya mawe ya Kericho anajua kwamba hiyo si sauti tena. Ni kama kuwekwa ndani ya kitu. Kebaso alifumbua kinywa akasema neno ili ajaribu, na hakulisikia. Akakumbuka kwamba bati la pembeni huvuja, akapiga magoti, akatambaa kati ya safu mbili za vichaga mpaka ukutani kuona kama maji yanaingia kwenye majani ya chini. Yalikuwa yanaingia kidogo. Akayasogeza majani kando kwa mikono. Alifanya hivyo kwa muda, hajui muda gani.

Pua yake ndiyo iliyotangulia kujua. Katikati ya ule utamu wa majani alisikia harufu nyingine, nzito, ya manyoya yaliyolowa na nyama na moshi wa mbali. Alidhani ni blanketi la mmoja wa wenzake. Akageuka, bado yuko magotini, na mbele yake, kutoka kichaga cha pili, palikuwa na kamba inaning'inia. Akanyoosha mkono aishike, maana kamba za magunia zikilegea huangusha kichaga kizima.

Vidole vilikuwa vimebakiza upana wa kiganja. Kamba ikajikunja nchani, ikajikunjua.

Kebaso alirudisha mkono polepole sana. Akaufuata ule mkia kwa macho kwenda juu.

Chui alikuwa amelala juu ya majani mabichi, kimo cha kifua cha mtu, kichwa kati ya miguu ya mbele. Manyoya yake yalikuwa yamelowa yakashikana, na mbavu zilionekana zikipanda na kushuka. Mawe ya mvua yalikuwa bado yamenasa mgongoni, meupe kati ya madoa meusi, yakiyeyuka moja baada ya jingine. Sikio moja lilikuwa limechanika na damu ilitiririka mpaka kwenye taya. Alikuwa jike, si mkubwa sana, na alikuwa anatetemeka. Mnyama yule alitetemeka kwa baridi kama mtu yeyote, na majani yaliyo chini yake yalitetemeka naye.

Alikuwa anamtazama Kebaso. Yaelekea alikuwa anamtazama tangu zamani.

Mlango wa daraja ulikuwa nyuma ya chui. Tundu la ngazi lilikuwa nyuma ya chui. Nyuma ya Kebaso palikuwa na bati tu. Aliyafikiria hayo yote mara moja, na mwili wake ukajua kwamba hakuna la kufanya, basi ukakaa. Aliteremka kutoka magotini akaketi sakafuni, mgongo ukutani, mikono mapajani. Moyo ulikuwa unapiga hadi kwenye meno. Baba yake alimwambia akiwa mdogo anachunga: ukimkuta chui usimwonyeshe mgongo, na usimwonyeshe meno. Kebaso akafunga kinywa.

Mvua ya mawe iliendelea. Chui hakusogea. Alimtazama, halafu akatazama juu kwenye bati kwa macho ya kuudhika, halafu akamtazama tena. Macho yake yalikuwa rangi ya asali ya msituni, ile nyeusi kidogo. Hewa ya moto iliyobaki chini ilikuwa bado inapanda kwa kujivuta, na majani yaliyolaliwa yalianza kutoa harufu kuliko yote mengine. Ile harufu ilimfikia Kebaso kwa mawimbi. Woga ulikuwapo, lakini ulianza kukaa mbali naye kidogo, kama mtu aliyesimama ng'ambo ya kijito. Kutetemeka kwa chui kukapungua. Akaanza kulamba mguu, kisha akaacha, kana kwamba amesahau alichokuwa anafanya.

Hapo ndipo Kebaso alipoanza kusema. Hakusikia sauti yake mwenyewe, na labda ndiyo sababu aliweza. Alisema kwa Kikisii.

"Pumzika," alisema. "Hii si mvua ya kutoka nje."

Chui akasimamisha sikio lile zima.

"Hapa palikuwa kwenu," akasema. "Najua. Niliukata mimi, ule mti. Si mimi peke yangu. Tulikuwa wengi. Mimi nilishika shoka la pili."

Akangoja kama vile atajibiwa. Mawe yakajibu. Akaendelea, na maneno yaliyofuata hakuyachagua. Alimwambia chui kwamba baba yake alikufa mwaka wa 1931, na kwamba aliyetumwa kuleta habari alikawia Sotik siku kadhaa akiuza tumbaku, na habari ilipofika Korosiot kaburi lilikuwa limefunikwa siku kumi na mbili. Alimwambia kwamba yeye ni mtoto wa kwanza, ambaye kwa desturi alipaswa kuanza kulichimba kaburi. Alisema angekwenda mwezi unaofuata, na mwezi ule ukapita, na uliofuata, na kila mwezi uliopita uliufanya mwendo kuwa mrefu zaidi, mpaka sasa ni miaka mitatu na hajaukanyaga ua wa kwao, wala hajui atamwambia nini mama yake akimwona pale langoni amechelewa hivyo.

"Sina la kumwambia," akasema.

Chui aliweka kidevu juu ya majani. Kope zake zikashuka nusu.

Miaka mingi baadaye, Kebaso hakuweza kusema kwa yakini kama alisinzia. Alikumbuka kwamba vichaga vilikuwa matawi kwa muda. Alikumbuka majani yakipumua, yote kwa pamoja, na pumzi ile ilikuwa ya chui na ilikuwa yake pia. Alikumbuka baba yake akipita katikati ya safu akiwa ameinama kama anayetafuta mundu wake, bila haraka, bila kumtazama, akatoka nje kwa daraja. Inawezekana ilikuwa ndoto. Jambo alilolijua ni kwamba alipofumbua macho yake, au alipoyageuza, chui naye alikuwa ameyafumba ya kwake, na damu ya sikio ilikuwa imekauka.

Mvua ya mawe ikakatika ghafla, kama ilivyoanza. Kimya kilikuwa kikubwa kiasi kwamba masikio yaliuma. Tone moja likaanguka mahali fulani. Halafu ngazi ikalia.

"Omera!" Ilikuwa sauti ya Joab. "Uko hai huko juu? Mkanda nimeshona, lakini nje, ndugu yangu, nje kumekuwa kweupe kama —"

"Joab," Kebaso akasema kwa sauti ndogo, bila kugeuza kichwa. "Simama hapo hapo."

"Kuna nini?"

"Kuna mgeni."

Kichwa cha Joab kilikuwa kimeshapita tundu. Mgongo wa chui ulikuwa hatua mbili kutoka puani kwake. Baadaye Joab aliisimulia habari hii mara nyingi, na katika masimulizi yake alifanya mambo kadhaa ya ushujaa. Lakini siku ile hakufanya jambo lolote. Alibaki pale kama chungu kilichowekwa sakafuni, macho yamemtoka, na kwa mara ya kwanza tangu Kebaso amjue, hakuwa na neno.

Chui alifungua macho. Akasimama juu ya kichaga, akajinyoosha, miguu ya mbele kwanza na kisha ya nyuma, na majani yakamwagika pande zote. Halafu akaruka chini. Aliruka upande wa Kebaso. Njia ile ilikuwa nyembamba, na ili ageuke kuelekea mlangoni ilimpasa kuzunguka pale alipoketi mtu. Akazunguka. Ubavu wake ukapita kwenye goti la Kebaso, mzito, wenye joto, umelowa, ukajikokota pale muda wa pumzi moja, ukaondoka. Akatembea katikati ya safu kama mtu anayejua nyumba. Mlangoni alisimama. Nje ardhi yote ilikuwa nyeupe kwa mawe ya mvua, na ukungu ulikuwa unainuka kutoka kwenye weupe ule, na miti haikuwa na mashina, ilikuwa vilele tu vinavyoelea. Akaujaribu weupe kwa mguu mmoja, akautikisa mguu. Kisha akaenda, madoa yake yakaonekana kidogo, na kidogo zaidi, na ukungu ukamchukua.

"Kebaso," Joab akasema. "Suruali yako."

Kebaso akatazama. Kwenye goti palikuwa na alama ya maji, na nywele tatu za manjano.

Habari ilimfikia meneja kabla ya jioni. Vibarua walimwita Bwana Mluzi, kwa sababu hakuweza kutembea bila kupiga mluzi, na mluzi wake ulimtangulia kila mahali ukiwapa watu nafasi ya kusimama wima. Alikuja na bunduki. Alipanda ghorofani, akatazama kichaga chenye shimo la umbo la mnyama, akainama akanusa.

"Kebaso. Iko chui hapa?"

"Alikuwa, bwana."

"Sasa iko wapi?"

"Msituni, bwana."

"Msitu mkubwa."

"Ndiyo, bwana. Ni mkubwa."

"Kwa nini wewe hapana piga kengele?"

"Kengele iko chini, bwana. Mimi nilikuwa juu. Na yeye alikuwa katikati."

Bwana Mluzi alicheka kidogo. Hakuwa mtu mbaya kwa kawaida yake, lakini alikuwa mtu asiyeweza kuona kitu kizuri bila kutaka kukitundika ukutani. Alimweleza Kebaso shauri lake. Mbuzi atafungwa kwenye daraja. Mlango utaachwa wazi. Chui amemzoea Kebaso, basi Kebaso ataketi pale pale alipoketi leo ili mnyama asiogope kuingia, na yeye bwana atakuwa nyuma ya safu ya mwisho na bunduki. Ngozi ile, alisema, ni ngozi safi sana.

Kebaso alitazama kichaga. Ndani ya miaka saba alikuwa hajawahi kumjibu mzungu zaidi ya ndiyo.

"Hapana, bwana," akasema.

Joab, aliyesimama nyuma, alivuta pumzi ikasikika.

"Hapana nini?"

"Alikuja kujikinga mvua. Hakunifanyia neno. Siwezi kuketi hapo nimwite apigwe."

Mluzi ulikuwa umekoma. Bwana Mluzi alimtazama muda mrefu, uso umekuwa mwekundu polepole kuanzia shingoni. Hakupaza sauti. Alisema kwamba mtu anayechagua kazi gani afanye na gani asifanye, kazi yake iko shambani, na jembe liko ghalani. Kisha akashuka, na mluzi ukaanza tena akiwa amefika chini, wimbo mwingine.

Jioni hiyo Kebaso alimweleza Bilhah yote, akiwa ameketi kando ya moto na Nyatichi amelala mapajani. Alieleza taratibu, akirudi nyuma mahali alipokosea. Bilhah aliacha kusonga ugali.

"Mvua ile ilikaa muda gani?" akauliza.

"Nusu saa. Labda zaidi."

"Na wewe ulikuwa unamwambia nini chui nusu saa nzima? Mimi mke wako sijawahi kupewa nusu saa ya maneno yako."

Kebaso akakuna kichwa cha mtoto. "Nilimwambia habari ya baba."

Kuni zikahema. Bilhah alichukua mwiko tena, akageuza ugali mara mbili, akauacha.

"Chui umemwambia, Baba Nyatichi," akasema. "Mama yako je?"

Alipalilia chai siku kumi na saba, mpaka tiketi yake ya siku thelathini za kazi ikaisha. Hakuona jembe kuwa zito. Siku iliyofuata akafunga blanketi, akachukua sukari na pakiti ya chai, akashika njia ya Sotik. Ilinyesha siku zote mbili. Alipofika Sotik alilala kwenye baraza la duka, na kulipopambazuka akaanza kuona milima ya kwao, ya bluu, halafu ya kijani, halafu yenye moshi wa nyumba.

Mama yake alikuwa uani anapepeta wimbi. Alikuwa amezeeka upande mmoja zaidi ya mwingine, bega moja limeshuka. Alimtazama akiingia langoni, na ungo haukusimama mikononi mwake.

"Umechelewa," akasema. "Njoo ule."

Akala. Hakuulizwa neno. Alipomaliza alikwenda nyuma ya nyumba, akakuta kaburi limeota majani marefu na mzabibu wa mwituni, akapiga magoti akaanza kung'oa. Aling'oa mpaka udongo ukaonekana, akaendelea mpaka vidole vikachubuka. Mama alikuja akaketi kwenye jiwe karibu naye.

"Miaka mitatu," akasema.

"Niliona haya, mama. Ni mimi niliyetakiwa kuanza kuchimba."

"Kaburi lilichimbwa na mdogo wako, likachimbika." Mama alitoa mzizi uliokuwa umenata kwenye mkono wa mwanawe. "Na kama unadhani sisi wengine tulikuwapo, sikiliza. Alikufa alasiri, usingizini, mvua inanyesha. Mimi nilikuwa shambani. Mdogo wako alikuwa mtoni. Tulirudi tukamkuta. Hakuna aliyekuwapo, mwanangu. Hata sisi tuliokuwa hapa hatukuwapo."

Kebaso aliketi kitako. Alilia kama watu wazima wanavyolia, bila kusaidiwa na sauti. Mama yake alimwacha. Ilipokwisha alimuuliza habari za Bilhah na mtoto, na chakula cha huko, na kazi. Naye, kwa kuwa aliulizwa kazi, akamwambia habari za chui. Mama alisikiliza kinywa wazi. Alitaka kujua sikio lilichanika upande gani. Alitaka kujua kama mnyama alikoroma. Mwishowe akasema, "Hayo majani yana harufu gani hata chui akalala?"

"Siwezi kuieleza."

"Basi nitakwenda nikainuse mwenyewe."

Kebaso alidhani ni maneno ya jioni. Asubuhi alimkuta mama langoni, kikapu mgongoni, fimbo mkononi. Mwendo wa siku mbili waliumaliza kwa siku nne, maana alisimama kuzungumza na kila mwanamke aliyekuwa akipanda kitu chochote.

Korosiot walikuta mambo yamebadilika. Mtu aliyewekwa ghorofani mahali pa Kebaso alikuwa amelala usingizi mara mbili na majani yakaharibika kwa moto mbele yake. Mbuzi wa mtego alikuwa amefungwa kwenye daraja wiki tatu, amenenepa kwa majani ya chai yaliyomwagika, na Joab alikuwa amempa jina. Chui hakuonekana. Alama za nyayo zake zilionekana mara moja tu kwenye tope la kijito, mbali, ukielekea Mau. Bwana Mluzi alikuwa amepumzisha bunduki. Alimtuma Joab kumwita Kebaso, na Kebaso alipofika bwana hakusema juu ya chui wala jembe. Alimwonyesha ngazi kwa kidevu tu.

Kwa hiyo alipanda. Na Jumapili, kiwanda kikiwa kimenyamaza, alimpitisha mama yake kwenye daraja la mbao akamwingiza ndani. Mama alisimama katikati ya safu, akafumba macho, pua juu. Alikaa hivyo kitambo.

"Aha," akasema.

Alikuja kukaa siku tano, akakaa miezi kumi na mmoja. Hakuweza kuishi bila wimbi, na kambini kulikuwa na amri kwamba nyuma ya nyumba pasipandwe kitu. Alipanda. Nyapara alikuja kulalamika, na mama alimjibu kwa Kikisii kirefu ambacho nyapara hakukielewa, wala hakurudi tena. Wimbi likaota, likafika magotini, likashika vichwa. Alasiri, ukungu ukishuka kutoka msituni na kufuta nyumba moja baada ya nyingine, mama alisimama katikati ya kishamba chake akifukuza ndege. Hakuwa na debe wala jiwe. Aliwafukuza kwa kuwaita, mwito mrefu uliopanda mwishoni, na Nyatichi akiitikia kutoka mahali pasipoonekana. Sauti zao zilifika mpaka ghorofani. Kebaso alisimama na majani mkononi akisikiliza, na mara nyingine wenzake iliwabidi wamguse begani.